Samoni kwanza, dubu baadaye: siku tano za kupiga picha Katmai, Alaska

Mjukuu wa Mvuvi:

Ndugu wanajamvi, salaam. Katika uzi wa nyumbu wanaovuka mto Mara niliahidi kwamba nikipata nafasi nitaeleza safari yangu ya Alaska, na kwa kuwa ahadi ni deni, leo nalipa. Nimezaliwa Musoma, naishi Seattle mwaka wa kumi na mbili sasa, na kazi inayonilisha haihusiani na picha hata kidogo. Kamera ni ugonjwa wangu wa siku za mapumziko. Julai mwaka jana nilikaa siku tano katika Hifadhi ya Taifa ya Katmai, mahali panapoitwa Brooks Camp, nikiwapiga picha dubu wa kahawia wanaovua samoni kwenye maporomoko.

Naandika kwa urefu kwa sababu karibu kila nilichosoma kabla ya kuondoka kilimhusu dubu: uzito wake, kucha zake, hasira zake. Nilipofika niliona kwamba anayepanga ratiba pale ni samaki. Dubu ni mteja wa mama lishe tu. Ukitaka kujua atafika saa ngapi, ulizia chungu kinaepuliwa saa ngapi.

Nianze na mahali penyewe. Katmai iko kusini magharibi mwa Alaska. Ilitengwa mwaka 1918, miaka sita baada ya volkano ya Novarupta kulipuka na kulifukia bonde zima kwa majivu, na ikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1980. Wahifadhi wanakadiria kwamba ndani yake mna dubu wa kahawia wapatao 2,200. Hakuna barabara ya kufika Brooks Camp. Unapanda ndege ya kawaida kutoka Anchorage hadi kijiji cha King Salmon, kisha ndege ndogo yenye maboya badala ya magurudumu, ambayo kwa muda wa dakika 20 hivi inakushusha juu ya maji ya ziwa Naknek. Sisi tulipotua, rubani alizima injini akatuomba tutulie kwenye viti, kwa sababu ufukweni palikuwa na dubu jike akipita na watoto wawili nyuma yake, bila haraka yoyote, kama mama anayewasindikiza wanawe shuleni. Tulingoja mpaka wakaingia msituni.

Kabla hujaruhusiwa kwenda popote unapitishwa kwenye darasa fupi la lazima, na ukimaliza unapewa beji ndogo ya kuonyesha kwamba umehudhuria. Mhifadhi aliyetufundisha alikuwa binti mdogo ambaye ningeweza kumzaa. Alitueleza kwamba kati yako na dubu ziwepo yadi 50, yaani mita 45 na ushee; kwamba dubu akikukaribia wewe ndiye wa kupisha; kwamba hupaswi kukimbia hata siku moja; na kwamba ukipita msituni uongee au upige makofi ili usimshtue mnyama kwenye kona. Chakula hakitoki nje ya maeneo yaliyotengwa, na njiani hunywi chochote isipokuwa maji matupu. Akauliza kama kuna mwenye chakula mfukoni. Nilijibu hapana kwa kujiamini kabisa, kisha nikatia mkono kwenye koti kutafuta kalamu na kukutana na karanga za kukaanga, kifuko kizima, kimefungwa fundo vilevile kama wafungavyo akina mama wa stendi ya Musoma. Binti hakukasirika. Alinyoosha mkono tu, akazipokea, akaenda kuziweka kwenye ghala la chakula, nami nikabaki nimeinama kama mwanafunzi aliyekamatwa na simu.

Sasa samaki. Mto Brooks ni mfupi, kama kilomita 2.4, na kazi yake ni kuliunganisha ziwa Brooks na ziwa Naknek. Katikati yake kuna maporomoko yenye kimo cha mita 1.8 hivi. Samoni wanaopanda hapo ni wa aina ya sockeye. Wamezaliwa huko juu, wakakaa ziwani mwaka mmoja au miwili, wakateremka baharini kunenepa kwa miaka miwili au mitatu, na sasa wanarudi wakifuata harufu ya maji waliyozaliwa. Wakishaingia kwenye maji yasiyo ya chumvi hawali tena. Watapanda, watataga, watakufa wote, na mizoga yao itarutubisha mto na msitu ulio kando yake.

Waliokulia kando ya ziwa letu watamkumbuka ningu. Babu yangu alikuwa akisimulia jinsi ningu walivyopanda mto Mara wakati wa mvua kwenda kutaga, wengi kiasi kwamba watoto waliwasikia kabla ya kuwaona, mpaka nyavu zilizotegwa mdomoni mwa mto zikawapunguza wakabaki hadithi. Nikiwa mtoto nilidhani mzee anatia chumvi. Niliposimama Brooks jioni ya kwanza, nikasikia kishindo cha miili ikigonga mwamba, mmoja baada ya mwingine, nilimwomba radhi kimoyomoyo.

Jukwaa la kutazamia lililo kwenye maporomoko halichukui zaidi ya watu 40. Likijaa unaandikisha jina na kungoja, na msimu ukipamba moto unapewa saa moja tu kisha unapisha wengine. Asubuhi ya kwanza nilifanya kosa la kila mgeni: saa yangu yote niliitumia kumwelekezea lenzi dubu mkubwa kuliko wote, nikipiga picha mia nne za mnyama aliyesimama. Niliporudi kwenye foleni, mzee mmoja niliyekuwa jirani naye aliniambia kwa upole kwamba siku ya pili nisiiguse kamera kwa nusu saa, nihesabu tu.

Nilimtii. Nikagundua kwamba samoni haruki ovyo. Chini ya maporomoko kuna vidimbwi vya povu ambamo samaki hujikusanya na kupumzika, kisha huanza mmoja, wakafuata wawili, halafu kwa dakika kadhaa ukingo mzima unachemka, halafu kimya. Na hawaruki popote. Kuna sehemu mbili tatu ambapo maji yanawapa msukumo mzuri, na huko ndiko wengi hupita. Dubu wazoefu wanazijua sehemu hizo kuliko mtu yeyote. Anayesimama juu kabisa, kwenye mdomo wa maporomoko, amechagua mahali ambapo samaki humjia mwenyewe usoni. Anayekaa chini kwenye povu hangoji kuona. Huhisi samaki kwa miguu na mwili, akambana dhidi ya mwamba. Vijana wasio na mahali hukimbizana na samaki huku na huku kwenye maji mafupi, wakipata mmoja kwa shida, na mara nyingi mkubwa huja akamnyang'anya.

Kwa hiyo siku ya pili sikumfuata dubu tena. Nilichagua sehemu ya mruko, nikaifungia fokasi pale kwenye ukingo wa mwamba, nikamweka dubu upande wa kulia wa fremu, na nikawa natazama povu la chini kwa jicho la pili. Povu likianza kutikisika, kidole kinakuwa tayari. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga kuingia, nilianzia 1/2000 ya sekunde, kwa sababu kwa 1/500 mkia wa samaki hutoka kama kitambaa. Lenzi yangu ni ya milimita 100 hadi 400 na ilinitosha kabisa. Waliokuja na mizinga ya 600 walikuwa wakilalamika kwamba dubu wa karibu haenei.

Jambo moja lililonisumbua ni mwanga. Povu jeupe na manyoya meusi yaliyolowa havipatani. Ukiiachia kamera iamue yenyewe, dubu akijaza fremu povu linaungua lote na kubaki karatasi nyeupe, na povu likijaza fremu dubu anakuwa kipande cha mkaa. Nilipima mwanga wa povu, nikapanga kila kitu kwa mkono, na nikashukuru mawingu, ambayo huko hayaadimiki. Siku ya jua kali ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Na sasa aibu yangu. Jioni ya pili, baada ya watu kupungua, nilishusha kasi hadi 1/8 ili maji yatoke laini kama hariri huku dubu akiwa ametulia tuli. Picha zilikuwa nzuri, nikarudi hemani nimeridhika. Jukwaa hilo hufungwa saa nne usiku na kufunguliwa saa moja asubuhi katika miezi hiyo, basi alfajiri nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Hazikupita dakika kumi, samaki akaruka, dubu wa juu akafungua kinywa, nami nikabana kitufe. Nilipotazama kioo, fremu zote kumi na nne zilikuwa moshi mtupu. Sikuwa nimeirudisha kasi ya shata. Samaki aliingia kinywani akiwa hai, mbele ya macho yangu, na ushahidi nilio nao ni ukungu wenye rangi ya dubu.

Nitaendelea na maswali yenu. Karibuni.

Dereva wa Lango la Naabi:

Mkuu, hongera kwa uzi wenye nyama. Mimi nimeendesha wageni Serengeti kwa miaka mingi, na kuna jambo linanitatiza. Sisi tunakaa ndani ya gari, simba anakuja kulalia kivuli cha tairi, na mgeni anapiga picha bila wasiwasi kwa sababu mnyama halihesabu gari kuwa ni mtu. Ninyi mko kwa miguu, msituni, na mnyama wa zaidi ya nusu ya uzito wa nyati. Inakuwaje hao watu wako salama? Na kama wako salama kweli, kwa nini msisogee zaidi ya hizo mita 45?

Mjukuu wa Mvuvi:

Kaka, swali lako ndilo lililonikosesha usingizi usiku wa kwanza. Jibu la kwanza ni shibe. Dume la huko katikati ya kiangazi lina kilo 270 hadi 400, na kufikia Oktoba madume makubwa huvuka 450, yote hayo kwa ajili ya majira ya baridi ambapo dubu analala shimoni bila kula na anaweza kupoteza theluthi ya uzito wake. Mnyama mwenye hesabu hiyo kichwani, akiwa na samaki tele mbele yake, hana muda na wewe. Ndiyo maana dubu wengi, wanaoweza kufika 25 kwa wakati mmoja, wanavumiliana kwenye kipande cha mto ambacho kwingineko kingekuwa himaya ya mmoja.

Jibu la pili ni kwamba watu wa Brooks wanatabirika, kama lilivyo gari lako. Tunapita njia zilezile, tunasimama kwenye majukwaa yaleyale, hatutoi chakula. Tangu mwaka 2019 kuna daraja lililoinuliwa juu ya mto, na dubu hupita chini yake. Hata mvuvi wa ndoano, dubu akimkaribia wakati ana samaki kwenye mshipi, analazimika kuukata mshipi huo, ili dubu asije akajifunza kwamba mtu maana yake ni samaki.

Kuhusu kusogea zaidi, nitakukumbusha wawili. Michio Hoshino, Mjapani, alikuwa miongoni mwa wapiga picha wa dubu wanaoheshimiwa kuliko wote, mtu aliyeishi Alaska na kuwafahamu wanyama hao kwa miaka mingi. Agosti 1996 alikuwa kwenye ziwa Kurilskoye, Kamchatka, nchini Urusi, analala hemani karibu na kibanda, na dubu akamtoa humo akamuua. Dubu huyo alikuwa amezoeshwa chakula na watu. Timothy Treadwell naye alikaa kiangazi kimoja baada ya kingine miongoni mwa dubu wa pwani ya Katmai hiyohiyo, akiwasogelea mpaka kuwagusa, na Oktoba 2003 yeye na mwenzake Amie Huguenard waliuawa huko. Hao hawakuwa wageni wa mambo. Kinachonikaa moyoni kuhusu Hoshino ni kwamba yeye mwenyewe hakukosea na dubu yule. Aliyekosea alikuwa amepita kabla yake na kumlisha. Ndiyo sababu zile karanga zangu hazikuwa mzaha.

Dereva wa Lango la Naabi:

Nimekuelewa, mkuu. Hata kwetu nyani wa maeneo ya kulia chakula waliharibiwa na ndizi za watalii. Tofauti ni kwamba nyani anakupora ndizi na kukuachia mkono.

Binti Kiembesamaki:

Shikamoo kaka. Mimi napiga picha kwa simu tu, na dada yangu anaishi Kanada kwa hiyo safari kama hii si ndoto ya mbali sana. Je, bila kamera kubwa kuna maana ya kwenda? Na gharama kubwa iko wapi hasa?

Mjukuu wa Mvuvi:

Marahaba dada. Kuna maana kubwa. Simu haitakupa samaki aliye hewani na macho yake, lakini itakupa kitu ambacho wenye lenzi ndefu hukikosa, nacho ni mto mzima: maporomoko, shakwe, dubu kumi katika fremu moja, na sauti. Video yangu ninayoipenda kuliko zote niliipiga kwa simu, na ndani yake dubu haonekani vizuri. Kinachosikika ni kishindo cha samaki kwenye mwamba na dubu wawili wanaonguruma nyuma ya majani. Nunua tu kifuniko cha mvua, na chaji ya akiba uiweke karibu na mwili kwa sababu baridi ya usiku hunyonya betri.

Fedha inakwenda kwenye ndege, hasa ile ndogo. Kulala kwenye hema ni nafuu, lakini kambi inapokea watu 60 tu kwa usiku, ndani ya uzio wa umeme, na nafasi hufunguliwa kwenye mtandao tarehe 5 Januari. Za Julai huisha kabla chai yako haijapoa. Nyumba ya wageni hupatikana kwa bahati nasibu na bei yake sitaitaja hapa mbele ya watu wazima wenye shinikizo la damu. Wengi huenda na kurudi siku hiyohiyo. Mimi nisingefanya hivyo, maana ukiikosa ile dakika samaki wanapochemka, umelipia kutazama mto. Jambo jingine: ile dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu hairuhusiwi kwenye ndege za abiria, hata kwenye begi la chini, kwa hiyo usiinunue huku ukitarajia kuvuka nayo.

Mswahili wa Lubumbashi:

Ndugu mwenye uzi, nakushukuru sana kwa sababu umewatanguliza samaki. Mimi ni mtoto wa Lubumbashi, sasa naishi Marekani, na nilifanya kazi msimu mmoja katika kiwanda cha samaki kule Naknek, mdomoni mwa mto unaotoka kwenye ziwa lile ulilotua wewe. Ninyi mliwaona samoni wakiruka. Mimi niliwaona wakiteleza kwenye mkanda wa chuma saa kumi na sita kwa siku, mpaka nikawa nawaota. Ghuba ya Bristol ndiyo yenye samoni wengi wa sockeye kuliko mahali popote duniani. Mwaka 2022 walirudi kama milioni 79, na hiyo ndiyo rekodi.

Kuna jambo ambalo wapiga picha wengi hawalifahamu. Jimbo la Alaska linasimamia uvuvi kwa kuhesabu samaki wanaopita kwenda kutaga, na kule Naknek si kwa mashine. Kando ya mto Naknek kuna minara, ambapo mtu anapanda juu, anatazama maji, na kuhesabu kwa macho dakika kumi katika kila saa, ng'ambo hii na ng'ambo ile. Hesabu hizo hutangazwa kila siku. Samaki wakiwa hawajatosha, boti za uvuvi zinafungiwa, wakitosha, zinafunguliwa. Sisi kiwandani tulizisoma ili kujua kama kesho tutalala. Lakini mtu anayekwenda Brooks anaweza kuzisoma kwa sababu nyingine kabisa, kwa kuwa wimbi lililopita mnarani leo litafika kwenye maporomoko baada ya siku chache.

Mjukuu wa Mvuvi:

Ndugu yangu wa Lubumbashi, umenifunza kitu ambacho kingeniokolea siku nzima. Siku ya tatu, baada ya ile aibu ya shata, mto ulinyamaza. Dubu walikuwa wanne tu, wamelala kwenye nyasi na matumbo juu, na watu jukwaani wakaanza kuulizana kama msimu umeisha. Siku ya nne, saa tano asubuhi, samaki wakamiminika kana kwamba mtu kafungua mlango, na kabla ya adhuhuri nilihesabu dubu 17. Kumbe kulikuwa na watu mnarani walioyajua hayo mapema, kwa penseli na macho yao.

Niongeze jambo la rangi, kwa sababu wengi hukosea tarehe. Picha mnazoziona za samoni wekundu wenye vichwa vya kijani si za Julai. Julai samaki wangali na rangi ya fedha ya baharini, na ndipo wanaporuka maporomoko. Wekundu hukolea kuanzia mwisho wa Agosti, wakiwa wametulia mahali pa kutagia. Kati ya hapo maporomoko huwa karibu matupu na dubu hutawanyika kufuata vijito vingine. Wanarudi Septemba, wanene mno, lakini safari hii hukaa sehemu ya chini ya mto, wakiokota samaki waliochoka na waliokufa. Kwa hiyo amua kwanza unataka nini: mruko au wekundu. Vyote viwili kwa safari moja hupati.

Mzee wa Darubini:

Vijana, mimi nina swali lenye ukakasi kidogo. Kuna kamera zimefungwa kwenye mto huo na yeyote anaweza kutazama akiwa nyumbani kwake. Kuna haja gani ya kuongeza miguu ya watu mahali pa wanyama ili upate picha ambayo imekwisha kupigwa mara elfu?

Mjukuu wa Mvuvi:

Mzee wangu, swali ni la haki na nitalijibu bila kujitetea sana. Kamera hizo zipo tangu mwaka 2012, na mimi mwenyewe nilizitazama miaka mitatu kabla ya kwenda. Ndizo zilizowafanya watu wa mbali wawafahamu dubu kwa namba na majina. Kuna yule Otis, namba 480, mzee aliyepoteza meno mawili ya chonge, ambaye hakuwa akikimbizana na mtu. Alikaa kwenye kona yake chini ya maporomoko, ametulia kama mzee anayecheza bao, na samaki wakamfuata. Katika ile kura ya kila mwaka ya kumchagua dubu aliyenenepa vizuri, iliyoanza mwaka 2014, alishinda mara nne. Mwaka 2024 hakuonekana tena mtoni.

Kamera hizohizo zilionyesha pia jambo ambalo si la kuwekea fremu. Julai 2024 watoto wawili wa jike aitwaye Grazer, namba 128, walichukuliwa na maji wakaanguka kwenye maporomoko, na dume kubwa, namba 32, likawashambulia. Mama alipigana nalo, lakini mmoja wa watoto alikufa. Vuli hiyohiyo Grazer alilishinda dume hilohilo katika kura ya mwisho. Watu waliipenda hadithi hiyo kama riwaya. Mimi iliniongoza kwa njia nyingine: nilipomwona jike mwenye watoto akisitasita ukingoni, nilijua anachokipima.

Kuhusu picha iliyokwisha kupigwa, ni kweli kabisa. Mwaka 1988 Thomas Mangelsen alisimama hapo na kamera ya filamu, akaielekeza kwenye kichwa cha dubu na kupiga kila samaki aliporuka, bila uwezo wa kuona alichopata. Wiki kadhaa baadaye filamu iliposafishwa, akamkuta samoni hewani, sentimita chache kutoka kwenye kinywa kilichoachama. Tangu hapo sote tunaokwenda Brooks tunajaribu kuirudia, tukiwa na mashine zinazopiga fremu 20 kwa sekunde, na jukwaani utasikia watu arobaini wakibana vitufe kwa pamoja kama mvua ya mawe juu ya bati. Nami nilikuwa mmoja wao, sikatai. Siku ya nne niliipata, au niseme nilipata mjukuu wake: samaki yumo hewani, dubu yumo, na mbele yao limepita bawa la shakwe lililokata jicho la dubu katikati.

Binti Kiembesamaki:

Kaka, hiyo ya bawa la shakwe ungetuonyesha hata kama ni mbovu. Na je, katika zote hizo ni ipi uliyoichapisha ukaitundika nyumbani?

Dereva wa Lango la Naabi:

Naunga mkono hoja ya dada. Tena utuambie hiyo picha uliipiga kwa mipangilio gani.

Mjukuu wa Mvuvi:

Niliyoitundika haina mruko. Ni ya siku ya tano, saa tatu usiku, na kwa Julai ya huko jua huzama karibu saa tano usiku, kwa hiyo mwanga ulikuwa wa pembeni, wa njano, kama ule wa saa kumi na mbili jioni kwetu. Samaki walikuwa tele siku hiyo, na dubu wakiwa na samaki tele huanza kuchagua. Jike mmoja alimbeba samoni mpaka kwenye jiwe tambarare chini ya jukwaa, akamkanyaga kwa mguu mmoja wa mbele, akaanza kumchuna ngozi kwa meno ya mbele, taratibu, kwa ustadi wa mama anayemenya embe bila kulikata. Alikula ngozi, akala ubongo, akalipasua tumbo na kulamba mayai mekundu yaliyomwagikia jiwe. Vyote hivyo ndivyo vyenye mafuta. Nyama nyekundu, ambayo Seattle naipima kwa gramu kabla ya kulipa, aliiacha palepale akarudi majini.

Nilipiga baada ya yeye kuondoka: 1/500, milimita 220, jiwe lililolowa, minofu isiyoguswa, mayai matatu yaliyobaki kwenye ufa, na shakwe watano wanaosogea kwa miguu kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Dubu mwenyewe yumo kwenye kona ya juu kushoto, mgongo tu, na maji yanamchuruzika. Mke wangu aliniuliza kwa nini nimesafiri mpaka Alaska kupiga picha ya samaki. Ile ya bawa nitaiweka kesho nikirudi kazini, imo kwenye kompyuta ya huko.